Vitufe au kioo cha kugusa? Mwongozo wa kununua gari kwa anayeishi Nyanda za Juu Kusini

Ukiingia yadi ya magari hapa Mbeya siku hizi, dalali hakufungulii boneti kwanza. Anakuonyesha skrini. Anakaa kiti cha dereva, anaminya stati, kioo kinawaka na maandishi ya Kijapani, anaweka gia ya rivasi na kamera inaonyesha miguu yako mwenyewe ukiwa umesimama nyuma ya bampa. "Bosi, hii ni fulu. Hakuna swichi za kizamani humu, unagusa tu." Na wengi tunakubali, maana inapendeza kweli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua gari la mtumba na ambaye safari zake ziko huku: Mbeya, Rungwe, Njombe, Mafinga, Iringa. Habari za unywaji wa mafuta na bei ya spea nitazigusa pale tu zinapoingiliana na hoja. Ninachotaka ujiulize kabla ya kulipa ni hiki: gari likiwa kwenye mwendo, ni mambo mangapi unaweza kuyafanya kwa mkono huku macho yamebaki barabarani? Nimepanga aina sita za dashibodi zilizopo kwenye soko letu, kuanzia ninayoipendekeza hadi ile ninayokuomba usiinunue.

Huku kwetu kioo hufunga

Dar mtu anaweza kumiliki gari miaka mitano asijue swichi ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele iko wapi. Huku haiwezekani. Anayetoka Uyole kwenda Tukuyu mwezi wa nne, anayeiacha Makambako alfajiri ya Juni kuelekea Njombe, anayetoka Mafinga usiku na nguo zimelowa mvua, wote wanaijua hali hii. Watu wanne ndani, vioo vimepandishwa kwa sababu ya baridi, na ghafla kioo cha mbele kinakuwa cheupe kama karatasi.

Mwaka juzi nilikuwa narudi kutoka Tukuyu jioni na gari la shemeji yangu. Gari zuri, safi, jipya kuliko lolote nililowahi kuendesha. Sehemu ya AC ilikuwa bamba moja jeusi laini lenye alama zinazowaka, hakuna hata kitufe kimoja kinachobonyea. Tulipokaribia Isongole mvua ikachanganyika na ukungu, na kioo kikafunga. Nikagusa nilichodhani ndicho. Feni ikaongeza kasi lakini hewa ikaja miguuni. Nikagusa tena, ikazima kabisa. Muda wote huo macho yangu yalikuwa yanashuka kwenye bamba, yanapanda kwenye weupe, yanashuka tena. Mama mmoja niliyempa lifti, aliyekuwa amekaa mbele pamoja nami, akavua mtandio wake akaanza kunifutia kioo. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, simama kwanza." Nikasogea pembeni nikasimama. Tulipomaliza kufuta ndipo tukaliona lori la ndizi limeharibika mbele yetu, halina taa wala matawi barabarani, hatua kama thelathini kutoka kwenye bampa letu.

Sina hasira na teknolojia. Ila tangu pale sinunui gari, wala simshauri ndugu yangu anunue, kabla sijajua mkono utafika wapi wakati macho hayawezi kuondoka mbele.

Tuelewane kwanza kuhusu ukungu wenyewe, kwa sababu ndio unaoamua orodha yangu. Hewa ya ndani ya gari ina mvuke wa pumzi na wa nguo mbichi, na kioo kina baridi ya nje. Mvuke ukikigusa unageuka matone madogo. Dawa yake ni mambo manne kwa pamoja. Hewa ielekezwe kwenye kioo. Iwe ya vuguvugu. AC iwashwe, kwa kuwa ndiyo inayokausha hewa hata ukiwa umeweka joto. Na hewa iingie kutoka nje, isizungushwe humohumo ndani. Hilo la mwisho wengi wanalikosea: wakisikia baridi wanafunga hewa ya nje, na kioo kinazidi kuwa cheupe.

Halafu ukishuka Kyela mambo yanageuka. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Nyasa liko chini kidogo ya mita 500, na hewa ya kule ni ya joto na unyevunyevu. Ukiendelea kupuliza baridi kali kwenye kioo, ukungu unashika upande wa nje. Hapo unahitaji waipa na kuihamisha hewa iende kwingine. Safari moja ya saa chache, na mkono umeshakwenda kwenye swichi hizo mara nane au tisa, nyingi ukiwa kwenye kona na mteremko.

Waliopima walikuta nini

Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden liitwalo Vi Bilägare lilichukua magari mapya 11 yenye skrini za kugusa, likayaweka pamoja na Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe. Madereva walipewa muda wa kuyazoea kwanza. Kisha wakaendesha kwa kilomita 110 kwa saa kwenye uwanja wa ndege huku wakifanya kazi za kawaida: kuongeza joto na kuwasha hewa ya kioo, kutafuta stesheni ya redio, kurudisha sifuri kipimo cha safari, kupunguza mwanga wa dashibodi. Ile Volvo ya miaka 17 ilimaliza yote kwa sekunde 10, ikiwa imesafiri mita 306. Gari lililoshika mkia, MG Marvel R, lilichukua sekunde 44.9. Katika muda huo lilikuwa limekwenda mita 1,372.

Soma tena hiyo namba ya mwisho ukiikumbuka barabara ya kutoka Inyala hadi Uyole, pamoja na semitrela zake za kwenda Tunduma.

Katika jaribio hilohilo si kila gari la skrini lilifanya vibaya. Dacia Sandero na Volvo C40 zilimaliza kwa sekunde 13 na ushee, kwa sababu watengenezaji hawakuzijaza mambo mengi. Kwa hiyo tatizo si kioo kuwepo. Tatizo ni kazi gani zimesukumwa ndani ya kioo, na ziko nyuma ya kurasa ngapi.

Uingereza nako, mwaka 2020, taasisi ya utafiti wa usafiri ya TRL ilipima madereva kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji. Waliokuwa wakigusa skrini yenye Apple CarPlay, programu inayoleta mambo ya simu kwenye kioo cha gari, walichelewa kuchukua hatua kwa asilimia 57 zaidi ya kawaida yao. Kwa Android Auto, ambayo ni programu ya aina hiyohiyo, ilikuwa asilimia 53. Mtu anayeandika meseji kwenye simu aliyoishika mkononi huchelewa kwa asilimia 35, na aliyekunywa pombe hadi kufikia kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa kule huchelewa kwa asilimia 12. Trafiki wa Mbalizi akikukuta unachati kwenye usukani atakusimamisha, na ana haki. Ukiwa unatafuta wimbo kwenye skrini ya inchi tisa hakusimamishi.

Kwa hesabu ya haraka: kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, iliwashauri watengenezaji mwaka 2013 kwamba kazi yoyote ya kwenye dashibodi isimlazimishe dereva kutupa jicho pembeni kwa zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja. Sekunde mbili ni mita 44, na hizo zinatosha bodaboda aliyebeba gunia la mkaa kuingia barabarani kutoka kwenye kichochoro.

Kwa nini magari haya yanatufikia sasa

Hapa ndipo ninapotaka mnunuzi wa mtumba asome kwa makini.

Sisi hatununui magari yanapotoka kiwandani. Tunayapata yakiwa na miaka saba, minane, kumi. Na kwa kuwa gari lenye miaka minane kwenda juu linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, waagizaji wengi wanatafuta yaliyo chini ya hapo au yaliyozidi kidogo tu. Maana yake, tunachoshusha bandarini leo ni mawazo ambayo wabunifu walikuwa nayo muongo uliopita, wakati kila kiwanda kilikuwa kinang'oa vitufe ili dashibodi ifanane na simu.

Wao wenyewe wameshaanza kugeuza. Honda ilitoa Fit ya mwaka 2013 ikiwa na bamba la kugusa kwa AC. Fit iliyofuata, ya 2020, ikarudi na vizungushi, na kiongozi wa mradi akaeleza wazi kuwa walitaka kupunguza usumbufu kwa dereva anapotumia hita na AC. Volkswagen mwaka 2025 ilisema kupitia mkuu wake wa ubunifu, Andreas Mindt, kuwa kazi muhimu kama sauti, joto, feni na taa za hazadi zitarudi kwenye vitufe halisi. Euro NCAP, wale wanaogonga magari kwa majaribio na kuyapa nyota, tangu Januari 2026 wanazingatia jambo hili: indiketa, hazadi, waipa, honi na kitufe cha kuita msaada wa dharura vikifichwa ndani ya skrini, gari linapoteza alama. Hata baharini imetokea. Meli ya kivita ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore mwaka 2017, mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walitaja mfumo wa kugusa uliokuwa ukitumika kuendeshea meli kuwa miongoni mwa sababu, na jeshi la majini likaamua kurudisha vishikio vya mkono.

Kwa hiyo wakati wao wanarudi kwenye vitufe, sisi ndio kwanza tunapokea yale waliyoyaacha, na dalali anatuongezea bei kwa ajili yake. Hilo linaniuma.

Jaribio la kufumba macho

Usikubali kuliona gari kwa dakika mbili. Mwambie dalali unataka robo saa, ukae peke yako, injini ikiwaka, gari likiwa limesimama na hendibreki imevutwa. Dakika tano za kwanza angalia swichi zote na uzijaribu. Kisha fumba macho kweli, siyo kuchungulia, halafu ufanye haya: peleka hewa kwenye kioo cha mbele, ongeza feni, washa waipa ya kasi, washa hazadi, punguza sauti ya redio hadi chini, washa swichi ya kuondoa ukungu kwenye kioo cha nyuma. Kila lililokushinda baada ya kujaribu mara mbili, liandike kwenye karatasi. Likiwa moja, bado tunazungumza. Yakifika matatu, asante, tunaendelea na gari lingine.

Alama za kutafuta ni hizi. Ya kioo cha mbele ina umbo la upepeo uliopinda na mishale mitatu inayopanda kwa mawimbi. Ya kioo cha nyuma ni mstatili wenye mishale ileile. Ukiwa na bahati, utazikuta zimepewa vitufe vyake kila moja.

Kuna mambo mengine mawili ya kuangalia hapohapo. Rudi jioni, giza likiingia, uone kama mwanga wa skrini unaweza kupunguzwa. Njia ya Mufindi usiku haina taa za barabarani, na kioo kinachong'aa usoni kinakufanya usimwone mtembea kwa miguu. Na kama unaamka alfajiri Njombe au Makete na unavaa glovu, jaribu bamba hilo na glovu zako. Mengi hayazitambui.

1. AC ya vitufe halisi, skrini kwa redio na kamera tu

Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na kwa bahati njema imejaa sokoni. Toyota Premio na Allion zilizotoka kuanzia 2007, RAV4 za miaka hiyo, Nissan X-Trail, Subaru Forester za kabla ya 2018. Katikati kuna redio, iwe na kioo au isiwe nacho, na chini yake AC ina vitufe vyake na vizungushi vyake.

Sababu ya kuipa namba moja ni kitufe kimoja tu. Kwenye AC ya otomatiki, ukibonyeza alama ya kioo cha mbele, gari lenyewe linapeleka hewa juu, linaongeza feni, linawasha AC na kwa kawaida linafungua hewa ya nje. Yale mambo manne niliyoyataja yanafanyika kwa kubonya mara moja, na kidole kikishazoea mahali pake hakihitaji jicho. Pale Isongole kitu hicho kingenitosha.

Nasisitiza kidole, kwa sababu ndipo siri yote ilipo. Kitufe kinachobonyea kinajibu kwa kutoa mlio mdogo na kuzama kidogo, ukajua kazi imefanyika. Kizungushi kinakupa mahali pa kuegemeza mkono gari linaporuka kwenye mashimo. Pita barabara za mashamba ya chai Mufindi, au za vumbi kule Kilolo, ukijaribu kulenga mraba mdogo kwenye kioo laini: mkono unaruka, kidole kinatua jirani. Na kumbuka magari yetu ya Kijapani yana usukani kulia, kwa hiyo skrini unaigusa kwa mkono wa kushoto, ambao kwa wengi wetu ndio usio mwepesi.

Ukilipata lenye vitufe vya sauti kwenye usukani, lichukue hilo. Hakikisha tu vinafanya kazi, maana redio ya Kijapani ikibadilishwa mara nyingi fundi haviungi.

2. Vizungushi vitatu vya kawaida

Probox, Passo, nyingi ya Vitz za daraja la chini, baadhi ya IST na Noah. Kimoja cha joto, kimoja cha feni, kimoja cha kuchagua hewa iende wapi, na kidude cha kusukuma cha hewa ya nje. Kuondoa ukungu hapa kunahitaji hatua tatu au nne mfululizo, ndiyo maana nimeziweka za pili. Lakini yote unayafanya kwa kupapasa, na kwa kuwa kila kizungushi kina alama inayopapasika, unajua kimeelekea wapi bila kutazama.

Kama bajeti yako inaishia hapa, nunua kwa moyo mweupe. Usiruhusu mtu akuite mshamba kwa ajili ya dashibodi. Kizungushi kikivunjika, fundi yeyote anakitafutia mwenzake kwenye maduka ya spea za mtumba na anakifunga mchana huohuo. Bamba la kugusa likifa, linaondoka na feni, joto na hewa ya kioo kwa mkupuo mmoja.

3. Skrini inayoendeshwa kwa kizungushi

Hapa nawazungumzia Mazda. Kuanzia Axela ya 2013, na CX-5 zilizoboreshwa 2015, kuna kizungushi karibu na gia kinachoendesha skrini. Gari likianza kutembea, kugusa kioo kunazuiwa. AC ina swichi zake pembeni. Mwaka 2019 kwenye Mazda 3 waliondoa kabisa kioo cha kugusa. Kwa dashibodi pekee ningeziweka namba moja, na ninawaheshimu sana walioamua hivyo. Nimezishusha kwa sababu ukiharibikiwa Chimala au Igawa, fundi wa Toyota unampata kila kijiwe, wa Mazda utamsubiri.

4. Bamba laini la kugusa kwa AC

Harrier ya kuanzia mwisho wa 2013, ambayo mtaani inaitwa Anaconda. Honda Vezel, na ile Fit ya 2013 yenye AC ya otomatiki. Toyota Crown ya 2012 hadi 2018, ambayo AC yake imehamia kwenye kioo kidogo cha katikati. Haya ni magari mazuri, yana injini nzuri, na najua nagusa ndoto za watu. Vijana wengi wa Mwanjelwa wakipata hela lengo lao ni Anaconda.

Siwezi kukuambia usinunue. Nakuambia bei isipande kwa sababu ya bamba hilo, ishuke. Tumia jaribio la kufumba macho kama hoja ya kupatana: "Mkuu, mimi natoka Rungwe, kioo kinafunga kila siku, hapa sioni kitufe." Kaka yangu mmoja alinunua Harrier ya kizazi kilichotangulia, ile ya tako la nyani, kwa sababu hii tu, na fedha iliyobaki akafunga matairi mapya manne. Kwa mteremko wa Kitonga, matairi mapya na swichi ya kubonya ni bora kuliko bamba linalong'aa.

5. Kila kitu ndani ya skrini

Magari ya umeme ya miaka ya karibuni ndiyo yanayoongoza hapa, na huku kwetu bado ni machache. Napita haraka. Kwenye Volvo EX30 hata kasi ya gari unaisoma kwenye skrini ya katikati, hakuna kitu mbele ya usukani. Ujerumani, dereva wa Tesla aliacha barabara na kugonga miti wakati akirekebisha kasi ya waipa kwenye skrini mvua ikinyesha. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya Karlsruhe ikasema kuigusa vile skrini ni sawa na kutumia kifaa cha kielektroniki kisivyoruhusiwa, akapigwa faini ya euro 200 na kuzuiwa kuendesha mwezi mmoja. Waipa! Kitu ambacho Tukuyu tunakitumia karibu mwaka mzima.

6. Skrini ndefu ya kuongezewa inayomeza swichi za AC

Ya mwisho ni hii, na hapa naomba usinunue. Kuna skrini za Android za kusimama wima, kama tablet, zinazofungwa kwenye Prado na magari mengine. Ili ziingie, fundi anang'oa redio pamoja na vitufe vya AC, na AC inahamia kwenye programu ndani ya skrini. Gari lililotoka kiwandani likiwa kwenye namba moja ya orodha yangu linashushwa hadi namba sita, na mwenye gari amelipia. Skrini ikichelewa kuwaka asubuhi ya baridi, huna hewa ya kioo. Ikiganda njiani, huna pia. Ukikutana na gari la mkononi lenye kitu hiki, uliza kama vitufe vya awali vimehifadhiwa. Kama havipo, ondoa gharama ya kuvitafuta kwenye bei.

Redio za kawaida za Android ni suala jingine, na ninajua nyingi zinafungwa kwa sababu ya msingi. Redio za Kijapani hushika masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 hivi, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo hadi 108. Kubadilisha ni haki. Lakini chagua yenye kizungushi halisi cha sauti. Chagua inayokaa ndani ya nafasi yake, siyo ile inayoelea mbele na kufunika tundu la hewa au kitufe chekundu cha hazadi. Mwambie fundi aunge vitufe vya usukani. Na kuna waya mmoja wa hendibreki unaozuia video isicheze gari likitembea; mafundi wengi wanaupeleka kwenye bodi moja kwa moja ili kumfurahisha mteja. Simama pale, umwambie aufunge panapostahili. Madereva wa Noah za kubeba abiria, nawaomba hili kwa dhati: nyuma yenu kuna watu saba.

Kamera ya nyuma ibaki. Kwenye yadi za masoko yetu, watoto na bajaji wanapita chini ya kioo cha nyuma bila kuonekana, na hapo skrini inaokoa. Marekani imeilazimisha kwa magari mapya tangu 2018. Ramani nayo iwekwe kabla ya kuondoka.

Kama umeshanunua lenye bamba laini

Hujapoteza gari. Kaa nalo jioni moja nyumbani, uzime taa ya nje, na ujifunze alama ya kioo cha mbele iko vidole vingapi kutoka ukingo wa bamba. Kata kipande kidogo cha stika nene, kama punje ya mchele, ukibandike pembeni kidogo ya alama hiyo, siyo juu yake, ili kidole kikifika kwenye uvimbe kijue kisogee wapi. Shemeji alibandika cha kwake siku iliyofuata. Na ukitoka Uyole kwenda Tukuyu, washa hewa ya kioo ukiwa bado Igawilo, kabla mlima haujaanza, wakati kioo bado ni kikavu. Gari likiwa na abiria waliolowa, fungua dirisha la nyuma kwa upana wa kidole kimoja hata kama watalalamika baridi.